Shajara ya Kikundi cha Alhamisi, Kyangwali: Mwaka wa Chakula Kigumu

Januari 2024

Tumeanza. Kikundi chetu hukutana kila Alhamisi chini ya turubai la kanisa, upande wa Maratatu, hapa kambini Kyangwali wilayani Kikuube, Uganda. Wengi wetu tulivuka Ziwa Albert mwaka 2018, tukashukia Sebagoro na mizigo kichwani, na tangu siku zile kazi ya kikundi ilikuwa kuomba tu: kuwaombea waliobaki Ituri, kwetu mashariki ya Kongo, wagonjwa, watoto waliokosa karo, mvua. Sina neno baya juu ya maombi hayo, ndiyo yaliyotuvusha. Ila hivi karibuni pasta alitusomea Waebrania sura ya 5, pale wanapoambiwa watu waliookoka siku nyingi kwamba kufikia sasa wangekuwa walimu, nao bado wanataka maziwa, si chakula kigumu. Watu wakacheka. Mzee wetu wa kanisa akauliza kwa Kiswahili chake cha Bunia, "Pasta, haya maneno ni ya sisi ao ni ya wale wa zamani?" Pasta hakumjibu. Alifunga Biblia, akatuambia twende tukafikiri.

Mradi wenyewe ni mfupi kuueleza. Mwaka mzima tunakaa kwenye mistari mitatu, 2 Petro 1:5-7, pale Petro anapotaka imani itiwe wema, maarifa, kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu, mpaka upendo. Kila neno lipewe muda wake, na kila neno liwe na jambo la kutenda kati ya Alhamisi na Alhamisi. Hakuna cheti, hakuna mfadhili, hakuna fulana. Hapa kambini mradi usio na fulana unatiliwa shaka, kwa hiyo mwanzo wetu si mbaya. Mimi nimepewa kazi ya kuandika kwa sababu nina daftari na sola ya kuchajia simu.

Swali la siku ya kwanza liliandikwa ubaoni kwa chaki: mtu aliyekomaa katika imani tunamtambua kwa nini? Majibu yalikuja mbio. Anafunga. Anakesha. Hanywi waragi. Ananena kwa lugha. Ana mistari kichwani. Hakosi ibada. Ubao ukajaa, na yote yaliyojaa yalikuwa mambo ya kuonekana kanisani. Tulipokuwa tunatafuta wimbo wa kufungia, Mama Katibu akasema bila kusimama, "Na yule anayelipa deni, tumuandike wapi?"

Nafasi ilikuwa imekwisha. Aliandikwa pembeni, kwa herufi ndogo.

16 Februari

Sikukuu ya kitaifa, shule zimefungwa, kwa hiyo vijana wamekuja wengi. Leo Uganda inamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa siku kama hii mwaka 1977. Wengi wetu tunaijua tarehe kwa sababu watoto hawaendi shule. Pasta akaona heri tulijue na jambo lenyewe.

Maaskofu walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu wa askari wake. Luwum, ambaye nyumba yake ilikuwa imekwisha kuvamiwa na kupekuliwa usiku, hakujificha baada ya barua ile. Akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Alizikwa kwao Mucwini, Kitgum.

Kilichowashtua wazee wetu ni cheo chake. Alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Boga hiyo ni yetu, ya Ituri. Mzee wa kanisa, ambaye ni mtu wa huko, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe alikufa akiwa askofu wa baba yangu."

Somo lilikuwa wema, na nilidhani tungeishia kwenye ushujaa wa Luwum. Halikuishia hapo. Pasta akamtaja Festo Kivengere, askofu mwenzake, ambaye baada ya mauaji yale alikimbia na mkewe wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda. Mkimbizi kama sisi. Naye akiwa ukimbizini akaandika kwamba ameamua kumsamehe Amin. Hapo mama mmoja wa kikundi, ambaye mumewe aliuawa kabla hatujavuka, akainuka. "Huyo askofu ana Mungu wake," akasema, "na mimi nina mume wangu aliyezikwa bila jeneza." Akachukua mtoto, akatoka.

Hakuna aliyemfuata kumhubiria. Nawashukuru kwa hilo. Mama Pasta alikwenda kwake jioni, akamsaidia kutwanga, akarudi.

Machi

Mvua imeshika. Watu wako shambani, mahindi na maharage. Kikundi kimebaki na wachache, na tumesoma kidogo tu. Tuliobaki tumekubaliana jambo la kufanya chini ya neno maarifa: kila mtu asome Injili ya Marko nyumbani, yote, kwa mpangilio, asirukeruke kutafuta ahadi. Wasiojua kusoma wanasomewa na watoto wao. Watoto wanaipenda kazi hii kuliko sisi.

Aprili

Huu ndio mwezi nitakaoandika zaidi, maana ndio tuliofika penye mfupa.

Karibu wote wa kikundi cha Alhamisi ni wanachama wa sanduku la akiba linalokutana Jumamosi. Kwa asiyejua: ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu wasiokaa nyumba moja, na fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Kila juma mtu ananunua hisa, anapigiwa muhuri kwenye kitabu chake. Akiba hiyo ndiyo inayokopeshwa, mwanachama haruhusiwi kuzidi mara tatu ya alichoweka, anarudisha na riba, na mwisho wa mwaka tunagawana. Kuna na mfuko wa jamii pembeni, wa msiba na ugonjwa, usio na riba. Mama Katibu wa Alhamisi ndiye huyohuyo katibu wa sanduku. Sasa inaeleweka kwa nini alisema alilosema Januari.

Kiongozi wetu wa maombezi alikopa mwaka jana ili afanye biashara ya maharage. Si tamaa. Tangu mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi mwaka 2023, nyumba yake iliwekwa kundi la tatu, lile lililoondolewa kabisa kwa kuhesabiwa kuwa linajiweza, na ana watoto wengi. Biashara ikayumba. Muda wa mkopo ukapita. Kila Jumamosi akawa anasimama kwa sauti ile tunayoijua na kusema, "Wapendwa, Mungu wetu si mwanadamu aseme uongo. Njia inafunguka. Niombeeni." Tukawa tunamwombea. Akawa anaketi. Miezi ikaenda.

Neno la mwezi lilikuwa kiasi. Jumamosi ya pili ya mwezi akasimama tena, tukaomba tena, na baada ya amina Mama Katibu akalaza kalamu juu ya daftari. "Baba," akamwambia, kwa heshima kabisa, "tumekuombea. Sasa fungua hesabu tuone."

Kelele zilizofuata sitaziandika zote. Wako waliosema Mama Katibu amemdhalilisha mtumishi wa Mungu. Wako waliosema fedha ya wajane imekaliwa na mtumishi wa Mungu. Kijana mmoja akataka jambo lipelekwe kwa mwenyekiti wa kambi mara moja. Pasta akatusomea Mathayo 18, ile ya kumwendea ndugu yako kwanza ninyi wawili peke yenu, halafu na mashahidi, na kanisa zima mwisho kabisa. Akasema sisi tumeuanza mlango kwa nyuma.

Basi wakatumwa wawili, mzee wa kanisa na mimi. Tulimkuta amekaa nje juu ya jerikeni tupu, anapukuchua. Kwa muda alizungumza mistari. Mzee akamwacha, akachukua gunzi naye akaanza kupukuchua. Punje zilipokuwa zimefunika chini ya beseni, yule ndugu akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye picha ya twiga. Mahesabu yote yalikuwa humo, safi, kwa kalamu nyekundu na ya bluu. Sehemu ya mkopo ilinunua maharage yakaingiwa na wadudu. Sehemu ilikwenda Bunia kumtibu mdogo wake. Hakuna shilingi iliyonywewa. Alikuwa anajua deni lake mpaka senti. Alichokosa ni namna ya kulisema bila kupoteza kiti chake cha mbele.

Tukapanga: alipe kwa mahindi ya mavuno haya, magunia kwa awamu, riba iishie ilipofika. Wanachama walipiga kura, wakakubali kwa wingi mdogo. Likabaki la pili: je, aendelee kuongoza maombezi? Hapa tuligawanyika, na mimi nasema wazi nilikuwa upande wa apumzike mpaka alipe nusu. Zakayo mtoza ushuru hakungoja kuambiwa arudishe. Na hao Walokole wa miaka ya 1930, wazee wa uamsho ambao nyimbo zao bado tunaziimba, walijulikana kwa kuungama hadharani na kurudisha mali za watu. Jirani asiyeamini alitambua kuwa fulani ameokoka pale jembe lake lililopotea liliporudi. Upande wa pili walisema mtu akinyang'anywa huduma akiwa chini, hainuki. Wana hoja.

Mwenyewe akamaliza ubishi. Akasema atapumzika. Juma lililofuata hakuja kabisa.

30 Mei

Bado haji. Mkewe anakuja, anakaa nyuma.

Leo mzee wa kanisa ameomba nafasi, kwa sababu ni siku aliyofariki Apolo Kivebulaya, mwaka 1933, huko kwao Boga. Mzee anaisimulia habari hii kana kwamba ilitokea juzi. Muganda huyu alivuka mto Semliki mwaka 1896 kupeleka Injili Mboga, ndiyo hiyo Boga. Akapigwa. Dada wa mtemi alipokufa, Apolo akasingiziwa kifo chake, akapelekwa Toro, upande wa Uganda, akiwa mfungwa. Baadaye akaachiliwa. "Sasa mtu akiachiliwa anaenda wapi?" mzee akauliza. "Anaenda kwao Buganda, akapumzike, akaoe." Apolo akarudi Mboga, kwa watu walewale, na Mtemi Tabaro aliyekuwa amemkataa akaja kubatizwa. Alipokaribia kufa akaagiza alazwe kaburini kichwa kikielekea msitu wa Kongo, ambako kazi ilikuwa haijaisha.

Kwa hiyo Injili ilitoka Uganda ikaja kwetu, na sasa sisi wa Boga tumekimbilia Uganda nayo. Wengine walivuka baada ya mashambulizi ya 2021 huko Boga na Tchabi, vidonda bado vibichi. Nilidhani mzee angekaa hapo, kwenye historia, maana inapendeza. Badala yake akavaa kofia yake kabla ya wimbo wa mwisho na kutoka. Tulipomaliza tulimwona anarudi njia ya kisimani pamoja na ndugu yetu wa maombezi, wanabishana juu ya bei ya mahindi.

Juni

Mahujaji wa Hoima wamepita wakienda Namugongo kwa miguu kwa ajili ya tarehe 3, sikukuu ya mashahidi, na jirani zetu Wakatoliki wamo. Vijana wakauliza maswali juu ya mashahidi wa Uganda. Walipojua kwamba wengi waliochomwa kwa ajili ya imani yao mwaka 1886 walikuwa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, na kwamba Kizito alikuwa wa miaka 14 hivi, wakatugeukia: kama mtoto wa umri huo aliaminiwa kufa, kwa nini wao hawaaminiwi kuongoza somo? Hatukuwa na jibu. Kuanzia Julai Alhamisi moja kwa mwezi ni yao.

Julai

Gunia la kwanza limeingia. Mama Katibu alilipima mbele ya watu, akaandika, akampa mwenye deni kalamu atie sahihi. Hakuna hotuba. Afadhali.

Mwezi huu pia alipita mgeni anayejiita nabii, na vipaza sauti na mafuta yake. Alihubiri jioni tatu uwanjani. Siku ya mwisho akataka kila mwenye imani iliyokomaa apande mbegu ya shilingi 50,000, na asiye nayo auze kitu. Nilimwona jirani anaitazama mbuzi yake kwa jicho la hesabu. Ndipo kijana wetu mmoja, aliyeongoza majuma mawili nyuma somo la Waberoya wa Matendo 17, wale waliochunguza Maandiko kwanza kuona kama waliyohubiriwa ni kweli, akanyanyua mkono kama aliye darasani. "Nabii, shikamoo. Nauliza: mbegu hii ikikosa mvua, tunadai kwa nani?"

Uwanja ulicheka mpaka jenereta likazimika, au lilizimwa. Baadhi ya wazee walimkemea kijana kwa kukosa adabu. Mimi nilimsikia akiamkia vizuri kabisa.

Si wote waliocheka, lakini. Familia mbili za kikundi zilitoa, na baadaye zimehamia kwenye ibada zenye vipaza sauti. Tumewatembelea. Wamesema kwetu siku hizi "maombi ni kidogo, hesabu ni nyingi". Nimeliandika hili kwa sababu lina ukweli ndani yake. Pasta amerudisha mkesha wa mwisho wa mwezi, na mahudhurio ya mkesha yanashinda ya Alhamisi, kama kawaida.

Agosti

Kiangazi, bomba moja linafanya kazi, foleni ya jerikeni inaanza usiku. Kuna mama anayesema Kilendu aliyehamia mtaa wetu. Mtaa karibu wote ni Wahema, na huko kwetu Wahema na Walendu wamepigana miaka mingi. Asiyetoka Ituri haoni neno hapo. Aliyetoka Ituri hahitaji kuelezwa.

Jerikeni yake ilikuwa inasukumwa. Inawekwa ya kumi, akigeuka iko ya ishirini. Haongei. Asubuhi moja ikasukumwa tena, na yule mama wa Februari, mwenye mume aliyezikwa bila jeneza, alikuwa wa tatu kutoka bombani. Akaitazama. Akanyanyua jerikeni yake, akaipeleka mwisho wa foleni, akaiweka nyuma ya ile iliyosukumwa. Akasimama hapo. Wa mbele wakanyamaza, mmoja akaona haya, akairudisha ya yule mama mahali pake. Yeye wa kwetu alibaki mwisho, akachota jua likiwa utosini.

Hakutuambia. Tuliambiwa na mwanawe, aliyekuwa analalamika kwamba siku ile walikula wakachelewa.

Alhamisi, Mama Pasta akamwuliza kwa upole kama amesamehe. Akafikiri. "Nimefika kwenye foleni," akasema. "Kumkaribisha nyumbani bado. Msinisukume na mimi." Tulikuwa tumepanga kuanza upendano wa ndugu mwezi ujao. Tukakubaliana tukae kwenye saburi zaidi, maana inaonekana hapa ndipo watu wanapofanya kazi.

Oktoba

Septemba nilikuwa na malaria, hakuna kilichoandikwa. Kijana wa swali la mbegu aliongoza Yakobo 1 badala yangu na wanasema aliongoza vizuri, isipokuwa alirefusha.

Deni limevuka nusu. Baada ya majadiliano mafupi kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, ndugu amerudi kuongoza maombezi. Anaomba kwa sauti ya chini zaidi siku hizi. Wengine hawaipendi, wanasema upako umepungua. Mke wake amehamia benchi la mbele.

Mfuko wa jamii uliombwa usaidie kumzika mtoto wa yule mama wa Kilendu. Si mwanachama, katiba ya sanduku hairuhusu. Hoja ilitolewa, ikapingwa, ikapita kwa masharti: kila mtoaji achange binafsi badala ya kugusa fedha za wote. Kilichochangwa kilitosha jeneza. Nani aliyekuwa wa kwanza kuweka noti kwenye beseni, nadhani msomaji amekwisha kumjua.

Desemba

Tumegawana akiba. Sanduku limefunguliwa, likahesabiwa hadi sarafu, kila mmoja akapewa chake pamoja na faida. Deni la maharage lililipwa lote isipokuwa kiasi kidogo kilichokatwa kwenye hisa zake mwenyewe kwa ridhaa yake.

Kati ya maneno yote ya Petro tumefika utauwa tu, tukiwa tumechechemea. Pasta anataka tuendelee pale tulipoachia. Vijana wanataka tusome waraka wote wa Yakobo kwanza, kwa kuwa sura ya kwanza waliyoionja imewakolea. Mimi nipo na vijana. Kikundi kimepungua kwa familia mbili na kuongezeka kwa mtu mmoja: mama wa Kilendu alikuja Alhamisi ya pili ya mwezi, akakaa karibu na mlango, akaimba Kiswahili bila kitabu. Kiti cha kati yake na yule mama mwingine kilikaliwa na Mama Pasta. Juma lililofuata Mama Pasta alikuwa Hoima, na kiti kilikaa wazi.

Januari tunaanza tarehe 9. Zamu ya kuongoza ni ya Mama Katibu, ambaye amekwisha kutangaza kwamba kila mtu aje na kalamu yake. Turubai limechanika upande wa magharibi. Linahitaji kushonwa kabla ya mvua za Machi, na uzi wa nailoni unapatikana sokoni Kasonga siku ya gulio.